Siku moja Málaga na mama, meli ikingoja

Meli ilipofunga gati Málaga, kusini mwa Hispania, saa mbili asubuhi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumfunga mama bendeji ya goti. Kisha nikaisoma tena karatasi niliyokuwa nimeibandika mlangoni kwa ndani: mwisho wa kurudi melini, saa kumi na nusu jioni. Muda wetu wote ni saa nane na nusu, na humo utoe foleni ya kushuka na foleni ya kupanda. Mama ana miaka sabini na moja, na magoti yake hayapatani na ngazi.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya upili, Mombasa. Safari hii ilitoka kwenye chama. Niliweka miaka mitatu, na zamu yangu ya kupokea ilipofika nikaongeza akiba niliyokuwa nayo, nikalipia chumba cha ndani kisicho na dirisha, cha bei ya chini kuliko vyote, mimi na mama. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni lazima, na tuliomba ya kuingia zaidi ya mara moja kwa sababu meli ingetoka Hispania kwenda Tangier, Moroko, halafu irudi Barcelona, Hispania tena. Anayepanga safari kama hii aangalie hapo kwanza, kabla hajalipa chochote. Ukipewa viza ya kuingia mara moja, ukitoka Schengen umetoka.

Abiria wengi siku ile walikwenda Granada kuona Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa zamani. Nilitamani sana. Lakini Granada iko bara, kilomita 130 hivi, na nikihesabu saa za basi kwenda na kurudi, nikimwangalia mama, nikaona tutakuwa tumeona barabara tu. Nikakata shauri: tubaki Málaga, na tuone mambo matatu, basi. Soko, ngome, na samaki.

Kuna mtu aliyenipa moyo kwa hilo. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Kwa usiku huo mmoja aliziona ndizi zetu na ndimu na zambarau, akaona misikiti iliyojengwa kwa mbao, na watu wakiosha miguu mlangoni kabla ya kuingia. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: usiku mmoja tu, mwalimu? Usiku mmoja tu. Na mnamo mwaka 1350 mtu huyohuyo alikuwa Málaga, akasifu zabibu zake, makomamanga, tini, lozi, na vyombo vya udongo vya rangi ya dhahabu vilivyopelekwa nchi za mbali. Nilimweleza mama hayo usiku wa kuamkia siku ile. Akasema, "Basi tutafute tini."

Mpangilio wangu ulikuwa kuanza mbali na kumaliza karibu. Gati ya meli za watalii iko mbali kidogo na mji, nusu saa kwa mwendo wa mama, kwa hiyo tulipanda basi la kutoka gatini, halafu teksi hadi soko la Atarazanas. Soko hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, na Jumapili halifunguliwi kabisa. Baada ya soko tungerudi upande wa bahari polepole: ngome, kisha ufuo wa La Malagueta, ambao uko palepale kando ya bandari. Hata kama goti lingegoma saa ya mwisho, meli ingekuwa karibu.

Mlango wa Atarazanas peke yake unatosha kumsimamisha mtu. Ni tao refu la marumaru lenye umbo la kwato ya farasi, lililobaki kutoka karne ya 14, wakati mahali hapo palipokuwa karakana ya kuundia meli za wafalme wa Granada, na bahari ikifika hadi ukutani. Soko la chuma lililoko nyuma yake ni la karne ya 19. Jina lenyewe ni Kiarabu kilichokunjwa na ndimi za watu: *dar as-sina'a*, nyumba ya kazi za ufundi. Dar ile ya Dar es Salaam, na neno la pili ni ndugu wa sanaa yetu. Juu ya tao kuna ngao mbili ndogo zenye maandishi. Nilizipiga picha kwa simu, nikazivuta karibu, nikampa mama. Alivua miwani, akaisogeza simu hadi puani, akaanza kusoma herufi kwa herufi kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mtoto: *wa la ghaliba illa Allah*. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akarudia kwa sauti. Watu walikuwa wanapita na mifuko ya mboga, hakuna aliyegeuka.

Ndani, mama alikwenda moja kwa moja kwenye samaki. Amenunua samaki kila siku ya maisha yake, na hanunui samaki bila kumfunua mashavu. Akanyosha mkono. Muuzaji akainua kiganja chake kumzuia, na mama akarudi nyuma amekunja uso. Huko mteja hagusi bidhaa, wala samaki wala nyanya, na nilipaswa kumwambia mapema. Nikamwonyesha muuzaji kwa vidole vyangu kile mama alichokitaka. Yule bwana akacheka, akamshika samaki mwenyewe, akafungua shavu, akalielekeza kwenye taa. Ndani mekundu, yanang'aa. Mama akatikisa kichwa kukubali, na muuzaji akatikisa kichwa vilevile, kama wametia saini.

Kwenye meza ya jirani mama mmoja alikuwa akiita wateja: *aceitunas, aceitunas*. Mama akanivuta kanga. "Amesema zeituni, huyu." Kweli alisema zeituni. Kuanzia hapo hakunyamaza. Kila kibandiko alinitaka nimsomee. *Azúcar*, sukari. *Limón*, limau. *Azafrán*, zafarani. Nikamwambia na yasiyouzwa sokoni: *hasta* yao ni hata yetu, na mtu wasiyetaka kumtaja jina humwita *fulano*. Hapo alisimama kabisa. "Fulani?" Fulani, mama. Kiarabu kilikaa Hispania zaidi ya miaka mia saba, na kwetu kilikuja na pepo za kaskazi, maneno yaleyale yakashuka kwenye fuo mbili zisizojuana. Meza na bendera zimepita njia nyingine, kwa Wareno, lakini nazo ziko, *mesa* na *bandera*. Nimefundisha asili ya maneno miaka kumi na miwili na sijawahi kuona mtu akilifurahia somo kama alivyolifurahia mama kati ya mapipa ya zeituni.

Tini tulizipata. Mbichi zilikuwa tele, ulikuwa mwezi wa Agosti, na zabibu za muskateli pia. Tulinunua mbichi za kula palepale na kifurushi cha zilizokaushwa, zimebanwa pamoja kama keki, na lozi. Nililipa kwa kadi.

Ngome ndiyo iliyotushinda mara ya kwanza. Alcazaba ilijengwa karne ya 11 juu ya kilima, na chini yake kuna ukumbi wa maonyesho wa Warumi ambao ulikuwa umefunikwa na ardhi mpaka ulipogunduliwa mwaka 1951. Tuliingia kwa lango kuu, karibu na ukumbi huo. Njia inapanda kwa matofali na mawe, inakunja kushoto, inakunja kulia, makusudi, ili adui asipate kukimbia moja kwa moja. Baadhi ya nguzo za malangoni ni za Warumi, zimechukuliwa na kutumiwa upya. Mimi nilikuwa naangalia nguzo. Nilipogeuka, mama alikuwa ameegemea ukuta, mkono gotini, jasho linamtoka. Siku ile ulivuma upepo wanaouita *terral*, unatoka bara, mkavu na wa moto kama mdomo wa tanuri. "Wewe nenda," aliniambia. "Mimi nitakungoja hapa." Sikukubali. Tuliteremka taratibu, tukakaa kivulini, nikampa maji, na nikajiona nimefanya vibaya kwa kutouliza kabla ya kuingia.

Mfagizi mmoja wa barabara ndiye aliyetuokoa. Alimwona mama, akaniashiria tuzunguke, akachora duara hewani na kidole kikapanda juu. Upande wa pili wa kilima, nyuma ya jengo la halmashauri ya mji, kuna lifti inayokuingiza hadi ndani ya ngome. Barabara inaitwa Guillén Sotelo. Iandike mahali, hasa ukiwa na mzee au mtoto wa kubebwa. Tulipoteza karibu saa nzima, na lifti yenyewe haikuchukua hata dakika moja.

Kule juu kulikuwa na maji. Maji yanapita katika mifereji membamba iliyochimbwa sakafuni, yanatoka birika hili kwenda lile, yanaimba kidogo, na pembeni kuna asumini na bogonvilia. Mama alikaa kwenye ukingo wa mawe, akachovya vidole, akajipangusa shingo. Hatukutembea ngome nzima. Tulikaa. Kutoka pale meli yetu ilionekana bandarini, nyeupe, kubwa kuliko kila kitu, na nyuma yake bahari ya Mediterania.

Aliniuliza wenyewe, wale Waislamu wa mji huu, walikwenda wapi. Nikamweleza. Mji ulizingirwa na jeshi la Isabel na Fernando, malkia na mfalme Wakristo, mwaka 1487, miezi mitatu na zaidi, njaa ikaingia, na mji ulipoanguka mwezi wa Agosti wakazi wake wengi walifanywa watumwa. Agosti, kama huu tuliokaa ndani yake. Mama amekulia chini ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 wakiwa chini ya mfalme aliyeitawala Hispania pia, na anajua ngome ni kitu gani. Hakusema neno kwa muda. Akainua mikono, akawasomea Fatiha.

Tulipotoka tulipita kanisa kuu, lenye mnara mmoja uliokamilika na mwingine ulioachwa njiani, ndiyo maana wenyeji wanaliita La Manquita, yaani mwanamke mdogo wa mkono mmoja. Makumbusho ya Picasso, aliyezaliwa mji huu mwaka 1881, yalikuwa na foleni hadi nje. Tuliyapita.

La Malagueta tulifika saa saba na nusu, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Wahispania hawali mchana mapema. Ukifika saa sita utakuta moto ndiyo kwanza unawashwa. Na moto wenyewe uko ndani ya mashua. Wanachukua mashua ndogo, wanaijaza mchanga, wanawasha kuni juu ya mchanga, na kando ya moto wanachomeka vijiti vya matete vyenye samaki, wima, upande ambao moshi hauwaelekei. Chakula hicho kinaitwa *espeto*. Samaki ni sadini, sita katika kijiti kimoja, na kijiti kinapita chini ya uti wa mgongo ili samaki akiiva asidondoke motoni. Chumvi ya mawe, na hakuna kingine. Nilikuwa na karatasi niliyoandika kwa Kihispania kwamba hatuli nguruwe wala chochote chenye mvinyo. Mhudumu aliisoma, akaelekeza mashua: samaki na chumvi tu.

Mama alimchunguza samaki wa kwanza pande zote mbili. "Hawakumtumbua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kosa kubwa. Kweli hawakumtumbua, ndivyo wanavyofanya, mafuta ya samaki yabaki ndani. Alimshika kwa vidole, akamfungua ubavuni, nyama ikaachana na mfupa kwa upande mzima, akauweka utumbo kando kwa ncha ya kidole, akaonja. Akaonja tena. Alikula kumi na moja. Mimi nilimwachia wa kijiti changu.

Adhuhuri ya Málaga mwezi wa Agosti huingia saa nane na dakika ishirini na kitu, kwa sababu Hispania iko magharibi sana kuliko saa inayoifuata. Kwa hiyo ilitungojea. Tulirudi kwa miguu kando ya bandari, tukipita La Farola, mnara wa taa wa mwaka 1817, mama ameshika mkono wangu na kusimama kila penye benchi. Saa tisa na robo tulikuwa chumbani. Aliswali ameketi kwenye kiti, na kabla ya kuswali alifungua bendeji mwenyewe. Goti lilikuwa limevimba, si sana.

Meli ilipong'oa nanga tulipanda juu kuutazama mji ukirudi nyuma. Mama alikuwa na kile kifurushi cha tini mapajani, amekifunga kwenye leso. Nilimwomba moja. Akazihesabu, zilikuwa kumi na tisa, akanipa moja, akasema zilizobaki zina wenyewe Mombasa: shangazi, jirani wa mlango wa kushoto, na mwalimu wake wa chuoni ambaye bado yuko hai. Zilifika zote kumi na nane.