Alama za Sura katika DVD ya Harusi

Kila ninapotengeneza DVD ya harusi hapa Sinza, kazi ninayoipa muda mrefu zaidi ni kupanga sura, yaani sehemu za video ambazo mtazamaji huweza kuzirukia moja kwa moja, kwa sababu bibi harusi anayetaka kumwonyesha shangazi yake keki ikikatwa hapaswi kuhangaika na rimoti kwa saa 2 nzima za picha. DVD huruhusu sura 99 kwa filamu moja. Mimi huweka 12 tu. Alama ya mwanzo wa sura hukaa mwanzoni mwa kundi la fremu (picha moja moja zinazounda video), ambalo katika mfumo wa video wa PAL halizidi fremu 15, hivyo programu huweza kuisogeza kidogo na neno la kwanza la nasaha likakatika. Ndiyo maana huiweka kabla mzungumzaji hajashika maikrofoni. Maandishi ya menyu huyaweka mbali na kingo, ambazo televisheni za kichogo huzikata.