Mlibusiana tu, sasa huli hulali?

Kuna kijana kaniandikia, alibusiana na kushikana-shikana na dada mmoja, sasa kila akikohoa anaona ni ukimwi. Mdogo wangu, pumua. Virusi havipiti kwenye mate, jasho wala ngozi isiyo na kidonda, vinapita kwenye damu, shahawa, ute wa ukeni na wa njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, ndo maana kubusu na kuchezeana hivyo hakukupi kitu. Ngono ya mdomo hatari yake ndogo sana ila sisemi sifuri, hasa kama mdomoni una vidonda au fizi zinatoka damu. Kwenye moto wenyewe ni kuingiliana bila kondomu, na kwa nyuma ndo zaidi. Na mwenye virusi anayemeza ARV (dawa za kufubaza virusi) vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono, jamani tuache kuwakimbia hawa watu!

Ila kondomu ikipasuka usikae unagugo, nenda kituo cha afya ukaombe PEP, dawa za kuzuia virusi visikushike, ndani ya saa 72, ukiwahi ndo bora, unameza siku 28. Kipimo cha kesho yake hakioni maambukizi ya jana, kile cha kutoboa kidole rudia baada ya miezi 3.