Asilimia kumi si sheria yetu

Muhula ukikaribia, maktaba za vyuo hapa Dodoma hupokea ombi lile lile la wahadhiri: nakala za kitabu ni mbili, wanafunzi 200, tuskanie sura tatu tuzipandishe kwenye Moodle (jukwaa la masomo mtandaoni), "hazizidi asilimia kumi."

Asilimia hiyo haimo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Imevuma kutoka Marekani. Katika kesi ya wachapishaji dhidi ya Georgia State University, hukumu ya mwaka 2012 ilitumia kipimo cha asilimia 10 au sura moja. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakikataa, ikataka kila andiko lipimwe kivyake.

Sheria yetu inaipa maktaba nafasi ya kutoa nakala kwa kadiri ya mahitaji ya shughuli zake, ilmradi zisiharibu soko la kawaida la kitabu wala kumuumiza mwandishi isivyo haki. Hapo ndipo pa kutulia. Kitabu cha kiada kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi hao hao. Wao ndio soko. Sura moja yake inaweza kuumiza kuliko sura moja ya kitabu cha utafiti. Na chuo kununua kitabu si kununua haki ya kukinakili.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili, anza na linki. Makala ikiwa kwenye hifadhidata (mkusanyiko wa makala mtandaoni) tunayolipia, usipakue PDF ukaipandisha upya. Mkataba wa hifadhidata mara nyingi unakataza hilo. Usinakili pia anwani iliyo juu ya kivinjari, maana hubeba namba ya kikao chako na kesho haifunguki. Chukua linki ya kudumu au DOI (namba ya utambulisho ya makala), kisha ijaribu kwa bando la simu, nje ya mtandao wa chuo. Kitabu cha kielektroniki kikague leseni: ikiruhusu msomaji mmoja kwa wakati, usiku wa kuamkia jaribio wengine wote watafungiwa nje.

Pasipo linki, skani kurasa zinazofundishwa tu, nyeusi na nyeupe, kwa ukali wa dpi 300. Za rangi huwa nzito na humaliza bando. Tanguliza ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki. Weka nywila ya kozi, si faili la wazi, na muhula ukiisha liondoe. PDF ikishaingia kundi la WhatsApp la darasa, hakuna tena wa kuiondoa.

Ukihitaji zaidi ya hapo, mwandikie mchapishaji wiki sita kabla, ukitaja ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu), kurasa, idadi ya wanafunzi, tarehe za kuanza na kumaliza. Asipojibu, hujaruhusiwa. Nakala zile mbili zihamie kaunta ya akiba, saa mbili mbili kwa kila msomaji, ndani ya maktaba.