Kwa Reli hadi Vilnius, Wanakokwenda Askari wa Ujerumani

Kwetu Songea, kila ifikapo tarehe 27 Februari, tunawakumbuka wazee wetu walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Mtu aliyekulia katika kumbukumbu hiyo hawezi kuisoma kijuujuu habari ya taifa dogo lililowataka askari wa Kijerumani waje kuishi kwake pamoja na familia zao. Taifa hilo ni Lithuania. Septemba 2025, nilipomaliza shughuli zilizonipeleka Berlin na kubakiwa na siku 5, nilikata tiketi ya treni ya kwenda huko kupitia Warsaw.

Kabla ya kuondoka nilipita Bendlerblock, jengo la Wizara ya Ulinzi, ambalo ndani ya ua wake Kanali Stauffenberg na maofisa wenzake watatu walipigwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 1944, baada ya jaribio lao la kumwua Hitler kushindwa. Jeshi la leo, Bundeswehr, limechagua kuwahesabu hao walioasi kuwa ndio wazee wake. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 1994, askari wake hawapelekwi kwenye operesheni ya silaha nje ya nchi mpaka bunge liridhie. Ni katika bunge hilohilo Kansela Olaf Scholz alisimama, siku tatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, akatangaza kwamba zama zimegeuka na kwamba jeshi litatengewa mfuko maalumu wa euro bilioni 100. Alisema hayo tarehe 27 Februari 2022. Najua tarehe hizo zimekutana kwa bahati tu, lakini zilipokutana moyo wangu ulishtuka.

Treni ya Warsaw ilivuka mto Oder, mpaka wa Ujerumani na Poland, pale Frankfurt ya mpakani, na abiria wengi hawakuinua hata macho. Mto huo ulitawala siasa ya nje ya Ujerumani kwa miaka mingi, kwa kuwa Wajerumani waliofukuzwa ng'ambo yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia hawakutaka kukubali kwamba ndio mpaka. Desemba 1970 Kansela Willy Brandt alikwenda Warsaw kutia saini mkataba wa kuutambua, na siku hiyohiyo, mbele ya mnara wa mashujaa wa ghetto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, alipiga magoti bila kusema neno. Nilifika kwenye uwanja wa mnara huo jioni, nikakaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nyuma ya mnara kuna bustani yenye jina la Brandt na kumbukumbu ndogo ya matofali inayomwonyesha akiwa amepiga magoti. Nilimkumbuka Rais Steinmeier, aliyefika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika Majimaji. Kati ya vita vilivyoisha 1945 na magoti ya Brandt ilipita miaka 25; sisi tulisubiri zaidi ya miaka 100. Sisemi hivyo kumkataa Steinmeier, maana maneno yake nayapokea, lakini urefu wa kusubiri huko nao una uzito wake.

Kutoka Warsaw treni hupanda kaskazini-mashariki hadi Suwałki, mji uliolipa jina lake pengo ambalo majenerali wa NATO hulitaja kwa wasiwasi. Ni ukanda wa kilometa 65 hivi wa mpaka wa Poland na Lithuania, upande mmoja ukiwa na Kaliningrad ya Urusi na upande wa pili Belarus, na hakuna njia nyingine ya nchi kavu ya kuzifikia nchi za Baltiki kutoka kwa washirika wao. Kwa macho ni mashamba, maziwa na misonobari tu. Tulipofika Mockava, ndani ya Lithuania, abiria wote tuliteremka tukavuka jukwaa na kupanda treni nyingine, kwa sababu reli za Ulaya zina upana wa milimita 1,435 na zile zilizoachwa na dola ya Urusi milimita 1,520. Wanaoijua Kidatu, ambako mizigo ya TAZARA huhamishiwa kwenye reli nyembamba, wataelewa mara moja: abiria huvuka kwa dakika chache, ila vifaru vya kuja kuokoa mtu haviwezi kuvuka kwa wepesi huo. Ndiyo maana reli mpya ya upana wa Ulaya inajengwa kuelekea Tallinn, na ndiyo maana Wajerumani wameamua kukaa hukohuko badala ya kuahidi kwamba watakuja wakihitajika.

Mama mmoja wa makamo niliyekaa naye aliniambia kwamba kwenye ukuta wa jumba la zamani la jiji la Vilnius yamechongwa maneno ya Rais George W. Bush ya mwaka 2002, kwamba adui wa Lithuania ni adui wa Marekani. Aliyaamini maneno hayo kwa miaka mingi. Sasa, alisema, anatulia zaidi akijua kwamba watoto wa askari wa Kijerumani watasoma shule katika mji wake. Brigedi ya askari hao, ya 45 ya vifaru, ilizinduliwa rasmi Mei 2025 mbele ya kanisa kuu la Vilnius, Kansela Friedrich Merz akiwepo, na inatarajiwa kufikia watu wapatao 5,000 mwaka 2027.

Siku ya mwisho nilichukua treni ya dakika chache hadi Paneriai. Katika msitu ulio kando ya stesheni, kati ya 1941 na 1944, Wajerumani na washirika wao wa Kilithuania waliwaua Wayahudi wapatao 70,000, pamoja na Wapoland na mateka wa Kisovieti, na kuwatupa katika mashimo ambayo hadi leo yanaonekana, duara kubwa zilizoota majani. Wapiganaji wachache wa ghetto ya Vilnius walinusurika kwa kukimbilia msitu wa Rūdninkai, kusini mwa mji, na kutoka humo wakapigana na Wajerumani. Ni huko Rūdninkai ambako Lithuania, kwa fedha zake yenyewe, inajenga kambi ya brigedi ya Wajerumani. Nilizunguka mashimo yote kwa miguu, kisha nikarudi stesheni kungoja treni ya mjini.