Raghu na dungu la babu

Jana usiku, hapa Lindi mjini, niliangalia dokumentari fupi, The Elephant Whisperers, kutoka Tamil Nadu, kusini mwa India. Ni ile iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2023. Bomman na Bellie, wa jamii ya Wakattunayakan, wenyeji wa misitu ile, wanamlea Raghu, mtoto wa tembo aliyebaki yatima. Wanampa maziwa, wanamwogesha mtoni, wanamsemesha kama mjukuu. Bellie alikuwa amefiwa na binti yake, na ukimtazama anavyomshika yule tembo, huhitaji kuelezwa kitu.

Nililia. Raghu alipokua, akachukuliwa na kukabidhiwa mlezi mwingine, nikasimamisha video kwanza.

Mimi nimekulia Liwale, jirani na pori la akiba la Selous. Tembo kwetu ni kelele za madebe usiku. Babu alilala kwenye dungu msimu mzima, na bado kundi liliingia likamaliza mahindi na mihogo kwa usiku mmoja. Bibi alikaa kizingitini mpaka jua likapanda, hasemi. Kwa hiyo sitamlaumu mkulima anayewachukia.

Lakini Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu. Majangili waliua mama wangapi wenye watoto wa umri wa Raghu?

Asubuhi nimempigia bibi nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na huyo mtoto, usiku analala na nani?"