Siku moja na vumbi la kaskazi

Saa 11 alfajiri. Adhana haijaisha hapa Kisauni, nami nimelala chali na simu usoni, natafuta rangi ya waridi. Mke wangu ameshaacha kuuliza. Picha inatoka Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa, ile iliyoko juu ya Bahari ya Hindi, na mpya huja kila dakika 15, usiku kwa mchana, maana haingoji jua: inapima joto. Vumbi huonekana waridi. Leo kuna utepe umetoka Somalia, ukateremka na kaskazi, ukafifia karibu na Lamu. Kufifia si kuisha. Unyevu wa pwani yetu huficha vumbi kwenye picha hizi.

Saa 1 na robo. Matatu, foleni, Daraja la Nyali. Ng'ambo ya maji ni utusitusi mtupu. Kondakta anasema mvua inakuja. Mvua gani, Februari hii!

Saa 2 kasorobo, mahamri na mbaazi mbele ya kompyuta. Picha imeandikwa 04:45 kwa saa za dunia (UTC), saa tatu nyuma yetu, saa ya ukutani inasema 7:45, mdomo wangu unasema saa 2 kasorobo. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilimpelekea bosi picha ya jana, nikaapa ni ya leo.

Saa 3 nafungua alama za moto. Kila nukta ya VIIRS, kamera ya setilaiti inayonasa joto la moto, ni kama mita 375 ardhini. Kilifi na Kwale zimetapakaa, wakulima wanachoma mashamba kungoja masika. Za Kwale hazinishughulishi sana, kaskazi inausukuma moshi wake huko kusini. Za Kilifi ndizo zinazotujia puani. Zipo pia nukta zisizohama mwaka mzima. Hizo ni tanuri za viwanda, nazifuta.

Picha ya asubuhi ya Terra, setilaiti nyingine, ikifika, baharini kuna mkanda wa fedha, mpana, mzuri kabisa. Mtego huo. Ni jua linamulika maji na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Siku moja niliuona nikawatangazia watu wa majahazi kuwa kuna ukungu mzito, wakaenda wakakuta anga safi kabisa. Nahodha mmoja hadi leo ananiita Bwana Utusitusi. Kwa hiyo siandiki kitu mpaka setilaiti ya NOAA-20 ipite mchana: mng'ao utahama, uchafu wa hewa utabaki palepale.

Saa 6 na nusu nampigia mjomba, mvuvi wa Takaungu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wataka hewa tena?"

"Ndiyo. Wasikia harufu ya moshi?"

"Moshi hapana. Lakini macho yawasha, na ngalawa imepakwa unga. Nimepitisha kidole, chekundu."

Hilo setilaiti hainipi. Yenyewe hutazama kutoka juu hadi chini kama kitu kimoja, haisemi vumbi liko kilomita tatu angani au kwenye pua ya mjomba.

Saa 10 alasiri picha ya mchana iko tayari. Mkanda wa fedha umehama. Ukungu haukuhama, na rangi yake ni kahawia, si ile buluu ya kijivu ya moshi. Nalinganisha na picha ya joto: waridi imeanza kuonekana kusini ya Lamu, na moshi wa mashamba kwa kawaida hauonekani humo kabisa, chembe zake ni ndogo mno. Naandika mistari sita: vumbi jepesi, moshi kidogo upande wa Mtwapa, wenye pumu wawe na dawa karibu.

Saa 1 usiku, nyumbani. Jirani amekusanya majani na mifuko ya plastiki nyuma ya ukuta, ametia kiberiti. Moto wenyewe ukubwa wa sufuria ya pilau. Hautapata nukta popote. Moshi unaingia jikoni wote. Mke wangu anafunga dirisha huku anakohoa.

"Na huu nao," ananiuliza, "umetoka Somalia?"