Nilisikia nusu

Jana usiku nimeirudia Humbug, albamu ya tatu ya Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza, mwanzo hadi mwisho, taa nimezima. Nyimbo kumi tu. Nilikuwa na kesi nayo tangu 2009.

Enzi hizo nilikuwa chuoni, nawashabikia wale vijana wa Sheffield kama watu wanavyoshabikia timu ya mpira. Albamu yao ya kwanza, ya Januari 2006, iliuza nakala zaidi ya 360,000 huko Uingereza ndani ya wiki moja, na haikunishangaza: magitaa yanakimbizana, mwimbaji wao Alex Turner anamwaga maneno kama kondakta wa daladala, habari za disko, mabaunsa na teksi za usiku. Alikuwa na miaka 20. Nikiiweka, ndoo nzima ya nguo inaisha bila mimi kujua.

Halafu binamu akaniletea Humbug kwenye fleshi. Nikaona hawa wamelogwa. Mwendo umepoa, besi nzito, na Turner ameshusha sauti kama mtu anayekuambia siri ambayo kesho utajuta kuijua. Nikasoma kwamba walikwenda jangwani California, studio ya Rancho de la Luna, kurekodi na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age. Basi, mchawi nikawa nimempata. Vijana wa mji wa chuma na mvua unawapeleka jangwani, unategemea warudi vilevile? (Nyimbo nyingine walizirekodia Brooklyn na prodyuza James Ford, lakini mwenye hasira hasomi hadi mwisho.) Nikafuta zote, nikabakiza "Cornerstone" peke yake kwa sababu ilikuwa na upole.

Kitu ambacho sikukitia hesabuni ni iyafoni zangu. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Nilikuwa nakunja waya pale karibu na pini, nafunga na solotepu, inaamka dakika mbili, inazima tena. Mwaka mzima nilisikiliza kwa sikio moja. Albamu ya kwanza ilinivumilia, kwa sababu kelele hata ukiikata nusu bado ni kelele. Humbug imejengwa kwa nafasi. Gitaa linalia kidogo, linanyamaza, mwangwi unajibu kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa napata maswali, majibu yanabaki kwenye solotepu.

Jana nilivaa hedifoni kubwa alizoninunulia mke wangu. Ilipofika "Pretty Visitors", kile kinanda cha mazishi kikaanza, halafu Matt Helders akaziangukia ngoma kama anadaiwa. Nikasimama kwenda kuhakikisha mlango nimeufunga. Mtu mzima mimi.

Saa saba usiku nikamtumia binamu ujumbe: ile albamu ulikuwa sahihi, nimeielewa.

Asubuhi nikakuta amejibu: "Na fleshi yangu?"